Sura ya Tisa: Gundi kwenye Theluji Mpya

"Nipe kalamu nisaini, Ragnfrid. Nimechoka mimi."

Eivind Lømo alisema hivyo bila hata kuinua uso. Inspekta Ragnfrid Tveito naye alikuwa hoi. Goti lilimuuma, macho yalimwasha, na kahawa ya kituo cha polisi ilikuwa imemkaa tumboni vibaya. Kalamu alikuwa nayo mfukoni, ila hakuitoa.

"Usaini nini hasa?"

"Kwamba nilikosea. Nilipaka gundi pale palipotakiwa nta kavu. Si ndicho mnachotaka?"

"Ulipaka?"

"Sikumbuki kupaka."

"Sijakuuliza unakumbuka nini. Ulipaka?"

Eivind akaitazama mikono yake. Ilikuwa mipana, yenye makovu ya kuunguzwa na pasi ya nta, na ndiyo iliyopaka nta chini ya skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, za timu ya taifa tangu wakimbiaji wengi wa sasa hawajazaliwa.

"Zamani ungeniuliza hivyo ningekufukuza kwenye kibanda changu cha nta," alisema. "Sasa nina miaka sitini na moja. Juzi nilisahau sufuria jikoni ikaungua. Labda ni mimi. Kama si mimi, nani?"

Swali hilo lilikuwa limemnyima Ragnfrid usingizi tangu Jumapili. Jumapili ndiyo siku ya mbio za skii za wanaume za kilomita hamsini, zile zinazofunga mashindano ya dunia, na safari hii dunia ilikuja Svartlia, mji wao mdogo wa milimani huko Norwe. Watu walilala msituni kwenye mahema, wakachoma soseji, wakapiga kengele za ng'ombe, yote kwa ajili ya Torgeir Haukland, mtoto wa hapa hapa, ambaye alikwisha kutangaza kwamba hizo ni mbio zake za mwisho. Naye hakuwaangusha. Alifika kituo cha kubadilisha skii akiwa amewaacha Wafini na Waswidi nyuma kabisa. Akavaa jozi mpya, akatoka.

Hakufika mbali. Theluji ilianza kunasa chini ya miguu yake mabonge mabonge, akawa anatembea kama mtu aliyekanyaga udongo wa mfinyanzi. Akapigapiga, akakwangua, wenzake wakampita. Akawafukuza hivyo hivyo. Kwenye mteremko wa mwisho bonge likashika, skii ikasimama, yeye akaendelea, na mti ndio uliompokea. Madaktari wanazungumza kuhusu uti wa mgongo. Kuhusu kutembea tena hawazungumzi.

Maabara ikaleta jibu: juu ya nta kavu aliyoipaka Eivind palikuwa na tabaka jembamba la gundi, ile nta laini ya kwenye tyubu, ya kutumia siku theluji imelowa. Siku ya theluji mpya ya baridi, gundi ni balaa. Svartlia hilo analijua hata mtoto wa chekechea. Na kwenye sanduku la Eivind ikakutwa tyubu ya gundi imefunguliwa. Basi, nchi nzima ikahukumu. Mlangoni kwake wakamwaga samadi, ukutani wakaandika "msaliti," na mkewe akakimbilia kwa dada yake.

"Ile tyubu uliifungulia nini?" Ragnfrid aliuliza, kwa mara ya kumi labda.

"Alfajiri tunajaribu kila kitu. Kila timu inafanya hivyo. Nikaijaribu, nikaona haifai, nikaiweka."

"Basi ndiyo hivyo."

"Ndiyo hivyo navyodhani. Ila nikilala naota naipaka." Akausogeza pembeni mkate aliowekewa. "Ragnfrid, dada yangu, nipe kalamu. Mkuu wako anasema nikisaini ni uzembe tu, sitafungwa. Nataka kwenda nyumbani nikasugue ukuta wangu."

Mkuu wa polisi alitaka saini hiyo kabla ya kuzungumza na waandishi wa habari mchana. Ragnfrid akainuka taratibu, mkono umeshika goti.

"Kula huo mkate," akasema. "Na usisaini kitu mpaka nirudi. Mkuu akikuletea kalamu, mwambie mkono umekufa ganzi."

*

Göte Rådström, mpakaji nta wa timu ya Waswidi, alikuwa anapakia masanduku kwenye gari nyuma ya vibanda. Koti lake la njano ndilo lililoonekana nyuma ya kibanda cha Wanorwe asubuhi ya mbio, na kwa siku nzima magazeti yalikuwa yamemla nyama.

"Wewe tena!" alisema. "Nilidhani mmeshaamua. Jumatatu nilikuwa mimi, Jumanne akawa Eivind. Kesho nasikia zamu ya kulungu."

"Nieleze tena ulikuwa unafanya nini pale nyuma."

"Nilikuwa nakojoa, mama. Nikueleze na rangi yake?"

"Vyoo vilikuwepo."

"Vilijaa Wanorwe. Nyinyi kahawa mnakunywa kwa ndoo."

"Göte, sijalala. Sina nguvu za utani wa Kiswidi, hata ule mzuri. Pale kwenye ukuta wa nyuma uliona nini?"

Mswidi akaweka sanduku chini. Akamtazama yule mama alivyoegemea gari, na ucheshi ukamwisha.

"Niliona skii zenu zimeegemezwa, zinapoa. Nyayo, ule upande unaogusa theluji, zimegeuziwa ukutani, jua lisizipate, zimefungwa vizuri mbili mbili. Sikugusa. Lakini nilicheka."

"Ulicheka nini?"

"Harufu. Palinuka lami ya msonobari, ile waliyopaka babu zetu kwenye skii. Nikasema moyoni, tazama hawa, wana mashine ndani zinazopima kila chembe ya theluji, halafu bado wanapaka lami."

"Na siku zote hizi umekaa nayo hiyo?"

"Uliniuliza kama niligusa, nikasema hapana. Ukauliza niliona nani, nikasema sikuona mtu. Nilichonusa hukuniuliza." Akainua tena sanduku lake. "Eivind hawezi kupaka gundi kwenye theluji ile. Amenishinda miaka kumi na tano. Ningependa awe mjinga, nami nipumzike. Si mjinga."

*

Chumba cha vielelezo kituoni kilikuwa na joto, na skii za Torgeir zilikuwa zimelala humo ndani ya mfuko wa plastiki tangu Jumapili jioni. Ragnfrid akafungua mfuko, akainama, akaweka pua pale chini ya mguu ambapo mabaki ya gundi yalikuwa yameanza kulainika. Lami. Ilikuwa hafifu, lakini ilikuwepo.

Akachukua sanduku la Eivind, akafungua tyubu moja baada ya nyingine, akazinusa zote mpaka kichwa kikaanza kumgonga. Zilinuka petroli, zilinuka rangi, moja ilinuka kama dawa ya kikohozi. Lami haikuwemo.

Akapiga simu maabara.

"Ile gundi ya skii, ni sawa na ya kwenye tyubu ya Eivind Lømo?"

"Hatukulinganisha," akajibu bwana wa maabara. "Mlituuliza ni gundi au si gundi. Ni gundi."

"Inanuka lami ya msonobari."

"Sisi hatunusi, Inspekta. Tuombeni kwa maandishi, tutalinganisha."

Akakata simu. Yeye na wenzake waliuliza maswali ya kivivu wakapewa majibu sahihi, na juu ya majibu hayo wakamjengea mtu hatia. Alijisikia aibu, na aibu ikamzidishia uchovu. Lakini sasa jambo moja lilikuwa wazi: gundi ile haikutoka kwenye sanduku la Eivind. Ilitoka mfukoni mwa mtu mwingine, na mtu huyo hanunui gundi dukani, maana ya dukani siku hizi hainuki lami. Anaipika mwenyewe.

*

Synnøve Aasgard, aliyelinda lango la vibanda siku ya mbio, alikuwa anang'oa uzio pamoja na wenzake wa kujitolea. Alipomwona Ragnfrid akatupa glavu kwa hasira.

"Afande, nimeshasema. Lango langu hakupita mgeni hata mmoja. Niliwarudisha mpaka waandishi, mpaka mbunge!"

"Nakuamini. Na asiye mgeni?"

"Asiye mgeni vipi?"

"Aliyepita ukamsalimia tu."

Synnøve akaokota glavu zake. "Wapakaji nta wetu," alisema polepole. "Makocha. Na Mzee Gudmund."

"Baba yake Torgeir?"

"Alileta soksi kavu za mtoto. Sasa huyo naye nimwandike? Mzee Gudmund huyo! Ndiye aliyenifundisha mimi kuvaa skii, na wewe pia kama sikosei."

"Hukosei. Alipita vipi?"

"Kwa miguu, atapita vipi?"

"Synnøve."

"Haya. Alikuwa amebana mkono kwapani, hivi. Nikaogopa, nikamwuliza, mzee, ni moyo? Akasema ni baridi tu." Akautoa upesi mkono wake kwapani. Rangi ikamtoka usoni. "Oo, Mungu wangu."

Hakuna haja ya kumweleza mtu wa Svartlia kwa nini mzee anatembea asubuhi ya baridi kabana mkono kwapani. Gundi ya kwenye tyubu ikipoa haitoki. Vijana wanaipasha kwa mashine. Wazee wanaiweka kwapani, chini ya fulana, mpaka ilainike.

"Usimwambie mtu," Ragnfrid akasema.

"Nimwambie nani? Nitaanzaje?"

Akiwa ndani ya gari alipiga simu hospitali, akamwuliza muuguzi swali moja tu: nani amemtembelea Torgeir? Mke wake, watoto, wenzake wa timu, kasisi. Baba yake? Muuguzi akasema baba analeta kikapu cha matunda kila siku, anakiacha mapokezi, anaondoka.

*

Gudmund Haukland alikuwa uani kwake anapasua kuni, na rundo lilikuwa tayari limemzidi urefu. Hata mtu wa miaka sabini na minane hahitaji kuni zote hizo mwezi Machi. Alipoliona gari la polisi hakuacha. Akapasua gogo moja tena, halafu lingine.

"Shikamoo, Mzee Gudmund."

"Marahaba. Kahawa ipo ndani."

"Sitaki kahawa. Nataka unieleze Jumapili asubuhi ile pua yako ya kunusa hali ya hewa ilisemaje."

Ajabu ya binadamu: mzee akachangamka. Akachomeka shoka kwenye gogo, akaelekeza kidole mlimani. "Ilisema kunayeyuka. Upepo uligeuka ukatoka kusini, wingu limekaa chini pale, kwenye bega la mlima. Miaka yote wingu likikaa pale, saa sita ni matope matupu. Nilikuwa..." Akakatisha.

"Ukamwambia Eivind."

"Nilimwambia."

"Akasema?"

"Alicheka, mbele ya wale vijana wake. Akaniambia, 'Mzee, nenda kale soseji, theluji tuachie sisi.'" Aliling'oa shoka, akalichomeka tena. "Mimi! Yule mtoto wangu nimempakia skii tangu hajui kutamka jina lake. Medali ya kwanza alipata kwenye gundi yangu. Halafu watu wa timu wakamchukua, wakaniambia ahsante, kaa jukwaani na bendera."

"Ukaingia nyuma ya kibanda."

"Tabaka jembamba tu, kwenye ile jozi ya kubadilishia. Nilipaka kwa kidole gumba, nikalainisha, nikazifunga tena mbili mbili, nikazigeuzia nyayo ukutani zisipigwe na jua. Nilizipaka vizuri, Ragnfrid. Nilitaka ashinde."

"Najua ulitaka ashinde."

"Halafu theluji ikaanza kunyesha. Kavu, nyepesi, kama unga." Mzee alikalia gogo. "Nilikimbia. Hakuna anayejua hilo. Nilishuka kutoka kilimani mpaka kituo cha kubadilisha, nimeanguka mara ngapi sijui. Nilifika anatoka. Nikaita. Zile kengele, makelele... hakunisikia."

Ragnfrid akasogea, akakaa karibu naye juu ya gogo jingine. Alimpenda mzee huyu tangu utotoni, na alikuwa na hasira naye kiasi cha kutaka kumtingisha.

"Na Jumatatu?" aliuliza. "Jumatatu hapakuwa na kengele. Jumanne pia palikuwa kimya. Wamemwaga samadi mlangoni kwa Eivind, ukanyamaza."

"Nilidhani watamwachia."

"Leo anasaini kwamba ni yeye. Sasa hata yeye mwenyewe anaamini."

Mzee akafunika uso kwa glavu. "Mtoto wangu akijua kwamba ni mimi niliyemvunja mgongo, nitaishije?"

"Eivind anaishije?"

Gudmund akainuka, akaenda kufunga mlango wa banda la kuni, akarudi akiwa ameshika kofia mkononi.

"Nipeleke," alisema.

*

Mkuu wa polisi alikuwa amesimama mlangoni na karatasi mkononi. Ragnfrid akampita bila kumsalimu, akamwingiza mzee ndani.

Eivind aliinua macho. Gudmund akabaki amesimama.

"Ni mimi, Eivind. Nilipaka juu ya kazi yako."

Eivind akauliza, kwa sauti ya mtu wa kazi, "Gundi gani?"

"Ya lami. Ya kwangu mwenyewe."

"Kwenye theluji ile?"

"Pua iliniambia itayeyuka."

"Na mimi nilikwambia haiyeyuki." Eivind alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Siku zote hizi nimekaa naitazama mikono yangu kama mikono ya mwendawazimu. Nimemwambia mke wangu anipeleke kwa daktari wa kichwa, Gudmund! Ulikuwa unajua, unapasua kuni!"

"Nilikuwa najua."

"Ungenipiga risasi ningekuelewa."

Mzee akanyoosha mkono. Eivind akautazama, akachukua koti lake.

"Si leo," alisema, akatoka. Mkuu alijaribu kumwambia jambo kuhusu waandishi wa habari, lakini Eivind alipita kama mtu asiyesikia.

Gudmund aliandika maelezo yake kwa mkono mzito, akasaini, na alipomaliza akaomba kitu kimoja. Torgeir asiyasikie redioni. Mkuu alisema sheria hairuhusu. Ragnfrid alisema sheria itangoja, akachukua funguo za gari.

*

Chumba cha hospitali kilikuwa kimejaa maua na vikapu vya machungwa ambavyo hakuna aliyevigusa. Torgeir Haukland alilala chali, shingo imefungwa, macho darini. Polisi walipomhoji Jumatatu alisema hakumbuki kitu chochote kuhusu mbio zile, na daktari akawaambia ni kawaida kwa mtu aliyeumia vile.

"Baba," alisema, kabla mzee hajafika kitandani. Alimjua kwa hatua.

Gudmund alisimama pale miguuni pa kitanda. Ragnfrid akabaki mlangoni. Alitaka kuondoka, lakini sheria, angalau hiyo moja, ilimtaka abaki.

"Torgeir, mwanangu, nina neno. Zile skii..."

"Baba, acha."

"Lazima niseme. Eivind hakukosea. Nilipaka mimi. Nilipaka gundi, nikidhani..."

"Najua."

Mzee akashika chuma cha kitanda. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilisikia harufu yake pale kituoni, nilipoinama kuzivaa. Kuna harufu nyingine duniani kama ile?" Torgeir alitaka kucheka, kifua kikakataa. "Niliwaambia polisi sikumbuki ili wasije kwako. Eivind namwomba Mungu anisamehe."

"Sikuelewi," alisema mzee. "Ulinusa ukajua ni gundi. Theluji inanyesha mbele ya macho yako. Kulikuwa na jozi nyingine pale."

"Ilikuwepo. Kocha alikuwa ameshaishika, ananinyooshea."

"Sasa kwa nini, mwanangu? Kwa nini hukuchukua hiyo?"

Machozi yalimtiririkia Torgeir masikioni kwa kuwa hakuweza kugeuza kichwa.

"Ulikuwa umezipaka wewe," alisema.